Udongo Uliokanyagwa na Ng'ombe

Mwanangu, kila nikipita chini ya Bihambwe, pale barabara inapoinama kabla ya kupanda tena, naikumbuka ile asubuhi nilipochimba shimo kwa hasira. Hasira yenyewe ilikwisha zamani. Kilichobaki ni pumzi ndefu, kama ya mtu aliyevuka daraja la miti, kisha akageuka na kuona kwamba ubao aliotaka kuukanyaga haukuwepo. Nataka nikusimulie, maana nasikia na wewe umeanza kujenga, na nasikia pia kwamba huambiliki. Hilo la kutoambilika umelirithi kwangu, sikulaumu.

Kwanza unijue vizuri. Mimi ni mason, fundi wa kujenga kwa mawe. Shuleni nilifika darasa la tatu, nikaona mwalimu ananichelewesha, nikaenda kubeba mchanga. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Kazi ya ukuta nilijifunza kwa kusimama mbele ya ukuta wa misheni na kuutazama, mpaka Padri akadhani nina wazimu. Wakati ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi, ukitaka fondasyo, yaani msingi wa mawe usiocheza, toka Sake mpaka Kitshanga watu walikutajia jina langu: Bauma. Sijisifu. Haya, najisifu, lakini ni kweli.

Miaka ile kijiji chetu hakikuwa na maternite, nyumba ya kuzalia. Mwanamke akishikwa na uchungu alibebwa kwa tipoyi, ile machela ya miti, akapandishwa kilima mpaka barabarani, na kutoka hapo mpaka Kitshanga. Wengine walijifungua njiani, mvua ikiwanyeshea. Wengine hawakufika. Mkunga wetu alikuwa Koko Feza, mama mzee aliyetupokea duniani karibu sisi wote. Koko ni bibi, kama unavyojua. Mikono yake ilikuwa hodari, lakini mikono peke yake haizuii mvua.

Basi Parokia ikasema: sisi tutatoa sima, yaani saruji, na mabati, ninyi toeni kiwanja na mawe. Kiwanja kikapatikana kwa tajiri mmoja wa ng'ombe, kipande kirefu chini ya malisho yake, kati ya barabara na ua wake. Kingine hakikuwepo, huko juu yote ni mashamba ya maharage yaliyosimama wima kama ngazi. Na mawe wakayabeba wanawake. Waliyatoa mtoni, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na baadhi yao walikuwa na mimba. Niliwaona wakipanda, nikajua jambo moja bila kuambiwa: nyumba hii ikipasuka, hakuna atakayethubutu kuwaomba wabebe tena, na hakuna Padri atakayetoa sima mara ya pili. Ni hii ao hakuna.

Mimi nikaenda kupima kiwanja. Sisi watu wa Masisi tulikuwa na namna yetu, na usicheke. Unaomba ng'ombe dume, mnene kuliko wote, unampitisha juu ya kiwanja toka mwanzo mpaka mwisho, huku wewe unafuata nyuma umeinama, unatazama kwato. Ukwato ukizama, unahama. Ukwato ukikwaruza majani tu, unajenga. Wazee walijenga hivyo, na nyumba zao zilisimama. Dume yule alipita kiwanja chote kana kwamba anatembea sakafuni. Udongo ulikuwa umekanyagwa na mifugo tangu kabla sijazaliwa, umekuwa kama tofali. Nikafunga kamba kwenye vijiti, nikachora nyumba nzima, ndefu, ya mawe, na pana kwenye msingi. Nilishaanza kuiona na jina langu juu ya mlango.

Ndipo akaja Kavira.

Alikuwa binti wa Kinande. Watu wao walitoka Butembo, na baba yake alikuwa na duka la mabati Kitshanga. Alikuwa amemaliza masomo ya injenyere, yaani uhandisi, Parokia ikamtuma aangalie kazi. Alifika juu ya pikipiki, amevaa buti za mpira, na kifuani amefunga mfuko kama mtu aliyebeba mtoto mbele. Ndani ya mfuko ilikuwa ordinatere, ile kompyuta ya kufunga na kufungua kama kitabu.

Nikamwambia, "Dada, umekuja kutuuzia mabati?"

Akajibu bila kuvua kofia, kwa Kiswahili chetu kinachosema njo pale wengine wanaposema ndiye, "Baba njo anauzaka mabati. Mimi niko naangaliaka mahali mabati itaangukia."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka.

Akakaa juu ya rundo la mawe, akafungua mashine yake, akanieleza. Alisema anaigawanya nyumba, na udongo ulio chini yake, kuwa vyumba vidogo-vidogo, vingi mno, na kila chumba kinamuuliza jirani yake: unanisukuma kiasi gani? Nyumba inausukuma udongo, udongo unajibu, nyumba inajikunja kidogo, halafu inasukuma kwa namna nyingine, na udongo unajibu tena, mpaka wote wawili wapatane ao washindwe. Mashine inafanya hesabu ya mazungumzo hayo yote kabla hujalaza jiwe la kwanza.

"Udongo unajibu?" nikasema. "Kwa Kihunde ao kwa Kifaransa?"

"Kwa nyufa, Papa."

Nilipenda jibu lile, na ile Papa ya heshima, lakini sikumwonyesha.

Akaniuliza, "Udongo wa hapa iko namna gani?"

"Iko nguvu."

"Mpaka chini?"

"Mpaka Kinshasa."

Akaandika nilivyosema. Mashine ikafikiri kidogo, halafu nyumba yangu ikatokea pale, na udongo wake chini, vyote kijani kama majani ya maharage. Kijani maana yake ni salama. Mwanangu, niliruka! Niliwaita wanawake waje kuona. Mashine ya msomi imenipa haki mimi niliyemshinda mwalimu kwa kumkimbia! Nikataka makoleo yaanze siku ileile.

Kavira hakuinuka. Akasema, "Ngoja, Papa. Sasa naandika tofauti. Upande wa juu iko nguvu, upande wa chini, ndani yake iko laini." Akagusa-gusa. Nyumba ikajikunja kama mtu aliyetia mguu mmoja shimoni, na pale katikati, karibu na mlango, pakawaka nyekundu kama pilipili.

Nikamuuliza, "Ya kweli ni ipi?"

"Sijue."

"Na mashine?"

"Nayo haijue. Inajua tu kile uliniambia."

"Basi nimekuambia. Dume mzima amepita pale."

"Mguu wa ngombe ni kidogo," akasema, na wakati huu alisema polepole, bila kunidharau. "Kitu kidogo kinasukuma juu-juu. Fondasyo yako iko pana, na kadiri iko pana, njo inasikilika chini zaidi. Ngombe aliuliza ngozi ya udongo. Nyumba itauliza tumbo. Unichimbie shimo, Papa, lenye kukupita urefu."

"Sichimbi kaburi mahali pa kuzalia," nikamwambia, na nikageuka niende zangu.

Koko Feza alikuwa amekaa palepale, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Bauma, ngombe ikisikia mahali panazama, inatoa mguu inaenda. Hii nyumba yako iko na mahali pa kwenda?"

Nami, kwa sababu wanawake walikuwa wanatazama na kwa sababu nilikuwa kijana, nikamjibu, "Koko, wewe uzalishe, mimi nijenge."

Koko akaweka ungo chini. Akasimama, kidogo-kidogo kama wazee wanavyosimama, akaja mpaka mbele yangu.

"Mimi njo nilikuzalisha," akasema. "Ulikuja umetanguliza matako. Mama yako alikuwa anakwisha. Niliweka mkono kwa tumbo yake, nikakutafuta kwanza, nikajua umelala namna gani, halafu njo nikajua la kufanya. Ningesema tu, aa, huyu mama anatembea vizuri, mtoto iko sawa, ungefika hapa kunitukana? Kila mara nashika tumbo mbele ya kusema neno. Mpaka leo, na hizi mvi. Wewe umeshika nini?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kumbe njo maana kichwa iko ngumu, ilitoka ya mwisho!" Na wote wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini.

Asubuhi iliyofuata nikachukua sururu, nikaenda kuchimba upande wa chini. Sikutaka msaada wa mtu. Nilitaka kuwaonyesha. Na mwanzoni niliwaonyesha kweli: sururu iligonga ikarudi, udongo ulikuwa mkavu, wa kahawia, ukitoka vipande-vipande. "Munaona?" nikapiga kelele. "Munaona?" Nilipofika usawa wa kiuno, sururu ikaacha kurudi. Nilipofika kifuani, nikahitaji koleo tu. Na shimo lilipokaribia kunifunika kichwa, koleo likaingia bila sauti yoyote, kama kijiko kwenye uji, na nilipolitoa, lilitoka jeusi.

Harufu ilikuja kwanza, ile ya majani yaliyooza bila kuona jua. Halafu maji, yakipanda taratibu kati ya vidole vya miguu yangu. Halafu nikaona matete. Yalikuwa yamelala vilevile yalivyoangukia, unaweza kushika unyasi mmoja mmoja. Hapo chini palikuwa na kinamasi, mwanangu. Misitu ya juu ilipokatwa ili ng'ombe wapate malisho, mvua ilishusha udongo wa kilima na kukifunika, na ng'ombe wakaja wakapiga-piga mfuniko wa chungu kwa miaka yote ile. Walichokijua wao ni mfuniko.

Nilisimama ndani ya shimo, sikupanda. Utadhani ilikuwa aibu. Aibu ilikuja baadaye kidogo, na kwangu haikai sana. Kilichonishika ni kwamba nilitazama juu nikaona rundo la mawe ya wanawake wale, lote zima, hakuna hata moja lililokwisha kulazwa. Kamba zangu zilikuwa bado ni kamba. Nyumba iliyotaka kuzama ilikuwa bado haijazaliwa. Nikacheka peke yangu shimoni, na Kavira akaja akachungulia akidhani nimepatwa na kitu.

"Papa, uko muzima?"

"Niko muzima. Shusha ngazi. Na uandike laini."

Tukachimba na upande wa juu. Huko tulikuta mwamba uliooza juu-juu tu, mzuri, ndani mgumu kabisa. Kwa hiyo dume hakuwa mwongo kwa nusu ya kiwanja. Kavira akaingiza ukweli wote kwenye mashine, na ile nyekundu ikarudi palepale, katikati, karibu na mlango.

Nikamwambia aongeze mawe. Ukuta mnene, msingi mpana zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojua nguvu. Akaongeza. Nyekundu ikatanuka. Akaongeza tena kwa sababu nilisisitiza. Ikatanuka tena.

"Unaisaidia kuzama," akasema.

"Basi toa."

Akatoa. Upande ule laini akautolea mawe yote, akaweka ukuta wa mbao na paa la mabati, nyepesi kabisa. Halafu akaikata nyumba katikati: nusu ya mawe juu ya mwamba, nusu ya mbao juu ya kinamasi, na kati yao nafasi ya upana wa kiganja, kila moja ishuke peke yake bila kuivuta mwenzake. Kijani ikarudi. Haikuwa kijani kali kama ile ya kwanza, ya uongo. Ilikuwa ya kawaida, yenye manjano kidogo huku na kule. Nikaiamini zaidi kwa sababu ya yale manjano.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Wanawake waliposikia neno mbao, moto uliwaka.

"Na majiwe yetu?" akasema mmoja, anaonyesha shingo. "Hapa pananiuma mpaka leo!"

"Nyumba ya mbao njo tunalala kila siku! Tulitaka ya majiwe!"

Nami moyoni nilikuwa upande wao, nikwambie kweli. Maisha yangu yote nilikuwa nayakimbia mabanzi. Nyumba ya mbao nilizaliwa ndani yake. Nikawa mason ili nisife ndani yake. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye yale maji meusi, na wao hawakuwa wamesimama. Kwa hiyo niliongea mimi, si Kavira. Niliwaambia, "Bamama, mukinilazimisha, nitajenga yote kwa majiwe, na mwaka kesho mutakuja kuyatoa juu ya watoto." Wakakubali.

Koko Feza akagawa vyumba. Chumba cha kuzalia kikae kwenye mawe. Waliokwisha kujifungua walale kwenye mbao, maana mbao ina joto kuliko jiwe, na mtoto mchanga wa Masisi anahitaji joto kuliko sifa. Mawe yaliyobaki nikayalaza kwenye mfereji kule juu, ili maji ya kilima yazunguke nyumba badala ya kupita chini yake. Hakuna jiwe lililorudi mtoni.

Kuacha ule mwanya kulinitesa. Kazi yangu yote ilikuwa kufunga ukuta na ukuta, na sasa nilikuwa kama fundi wa nguo anayeshona koti na kuacha kwapa wazi. Wapita njia walinitania: "Mason, sima ilikuishia?" Niliwajibu mambo ambayo siwezi kuyasema hapa.

Mvua zikaja, na upande wa mbao ukaanza kushuka. Polepole, sawasawa, kama mtu anayekaa kwenye kiti laini. Pale mlangoni kati ya nusu mbili pakatokea kijingazi kidogo. Nikaweka ubao wa mteremko. Kuta hazikusema kitu. Lakini kila mara nilipopita, nilisimama, nikatia vidole kwenye mwanya, nikapima.

Halafu ardhi ikatikisika. Unajua sisi tunaishi karibu na milima ya moto. Inapogeuka usingizini, tunasikia. Mchana ule nilikuwa sokoni Kitshanga. Vibanda vikacheza, mafuta yakamwagika, watu wakapiga kelele, na mimi nikaona jambo moja tu mbele ya macho yangu: chumba cha Koko, na wanawake waliomo. Nilipanda pikipiki ya mtu nisiyemjua, nikamwambia twende, na njiani nilizungumza na Mungu kwa namna ambayo sikuwahi kuzungumza naye kanisani. Njiani tulipita nyumba ambazo kona zake zilikuwa zimefunguka.

Nilipofika, Koko alikuwa amesimama mlangoni, ameshika beseni. Nusu ya mawe ilikuwa imesimama. Nusu ya mbao ilikuwa imesimama. Mwanya kati yao ulikuwa umeongezeka unene wa kidole, basi, kila nusu ilikuwa imecheza ngoma yake bila kumkanyaga mwenzake. Ndani mtoto alilia, na mwanamke mmoja akacheka, ile sauti ya mtu aliyechoka na aliyepona.

Nikakaa chini kwenye majani. Machozi yalitoka, sikuyaita.

"Unalia nini, mason?" akasema Koko. "Simama, ulete maji. Kuko mwingine anakuja."

Nikaleta maji.

Kavira alikuja siku chache baadaye, akapima mwanya na kile kijingazi, akafungua mashine yake, akakunja uso. "Nilikosa," akasema. "Niliandika itashuka kupita hivi."

"Kwa hiyo mashine yako inadanganya?"

"Mimi njo nilikosa. Nilifikiri tumbo iko laini zaidi. Nitarekebisha." Na akarekebisha palepale, amepiga magoti matopeni, anafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Nilimheshimu siku ile kuliko siku aliponishinda. Tangu hapo tulijenga pamoja, yeye na mimi, na sikuwahi tena kumwambia mpaka Kinshasa.

Watu wa kijiji chetu wamekimbia vita na kurudi zaidi ya mara moja, unajua nchi yetu. Kila waliporudi, walikuta nyumba imesimama, na Mungu aliwajalia kuzaa tena.

Sasa nisikilize, mwanangu. Siku hizi mashine ya Kavira imekuwa nyepesi, na ninyi vijana mnaamini rangi inazowapa. Mimi sikukatazi. Mimi, Bauma, nakwambia itumie. Lakini ikikuonyesha kijani, jiulize ni nani aliyeiambia udongo ukoje, na kama yeye aliuona kwa macho yake. Usijibu kwa niaba ya udongo. Udongo una mdomo wake, na utasema tu, tofauti ni kwamba unaweza kusema wakati wa koleo ao wakati wa kilio. Chimba mbele ya kujenga. Hata katika mambo yasiyo ya ukuta, kabla ya kuoa, kabla ya kumhukumu jirani, shuka kwanza mpaka utoe kitu cheusi, ao mpaka ugonge mwamba. Uzito si nguvu. Nilipoteza miaka mingi nikidhani ni kitu kimoja. Na pale mambo mawili yanaposhuka kwa mwendo tofauti, yaachie nafasi kati yao, usiyafunge kwa sima kwa sababu unaogopa watu watasema sima ilikuishia. Na mtu akikukemea mbele ya wanawake wanaocheka, chukua sururu uende. Kuwa na hasira ukitaka. Hasira inachimba vizuri.

Nenda sasa, kazi inakungoja. Mungu aliyeviweka vilima hivi na kujua kilichomo chini yake akuonyeshe mapema kila palipo laini. Kuta zako zitulie, watoto wazaliwe ndani yake wakilia kwa nguvu, na siku ardhi itakapogeuka usingizini, ufike mbio, ukute watu wote wako mlangoni wanakucheka.